Nta, Nywele na Ngozi ya Uso: Historia ya Pambo na Dhamana ya Mpambaji

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Yapo mambo ambayo watu huyaona madogo mno hata hayastahili kuandikwa. Kuondoa nywele za uso ni moja katika hayo. Wanaume husema ni mambo ya wanawake, na wanawake husema ni mambo ya chumbani. Lakini ukipita leo Maili Moja pale Kibaha, au Kisarawe mjini, utaona vibao vya saluni vimefuatana. Ndani ya saluni hizo huyeyushwa nta, ambayo wengi huiita waksi. Hupakwa usoni mwa binti zetu na wake zetu, kisha huvutwa kwa nguvu. Wengi hutoka salama. Wengine hutoka na ngozi iliyochunika, na alama ambayo haiondoki kwa miezi. Tofauti ya hao wawili si bahati. Ina sababu zake, na sababu hizo zina historia. Basi tuifuate historia hiyo tangu mwanzo, kwani ajuaye atokako ni rahisi kuijua hatari iliyo mbele yake.

MWANZO WA JAMBO

Dini yetu ni dini ya usafi. Katika mambo ya maumbile, yaani fitra, ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha, yamo kutahiri, kukata kucha, kupunguza masharubu, kuondoa nywele za kwapa na za sehemu za siri. Sahaba Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba mambo hayo yasiachwe kupita siku arobaini. Hivyo mwanamke wa Kiislamu wa pwani hakungoja saluni imfundishe kwamba mwili una nywele za kuondolewa.

Ama nywele za uso, hizo zina hukumu yake. Abdullah bin Masud (R.A.) alieleza laana iliyokuja juu ya wenye kuchanja chale za urembo, wenye kunyonyoa nyusi na wenye kuchonga meno ili yaachane, kwa sababu ya kubadili umbo la Mwenyezi Mungu. Mwanamke mmoja wa Banu Asad, Ummu Yaakub, alimwendea akamhoji waziwazi, na yeye akamjibu kwa hoja. Tazama, msomaji: mwanamke aliuliza juu ya nyusi na hakuonekana kuwa ameuliza jambo la upuuzi. Na Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, alisema kwamba mwanamke akiota ndevu au masharubu si haramu kwake kuyaondoa, bali ni jambo la kupendeza. Wako waliokhitilafiana naye, kama Imamu Tabari. Makala haya hayakuandikwa kutoa fatwa. Mwenye shaka amwendee shehe wake. Tunalotaka kulieleza ni hili: hata palipo na ruhusa, ruhusa hiyo haikuja pamoja na idhini ya kujidhuru.

Watu wa kale walijua njia nyingi. Katika maandishi ya tiba ya Misri ya zamani, kabla ya Nabii Isa (A.S.) kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, yamo maelezo ya dawa za kuondoa nywele. Wasimulizi wa tafsiri, wanapofika katika Suratun Naml penye kisa cha Nabii Sulaiman (A.S.) na malkia wa Sabaa, husimulia kwamba nura ilitengenezwa kwa ajili ya malkia huyo. Hiyo ni riwaya ya wasimulizi, wala si maneno ya Kurani. Lakini inaonyesha kwamba Waislamu wa zamani waliijua nura vizuri.

Nura ni nini? Ni mchanganyiko wa chokaa kali na madini ya manjano yaliyo na aseniki ndani yake. Ilipakwa, ikaachwa kidogo, nywele zikalainika, kisha ikaoshwa upesi. Na neno hili "upesi" ndilo kiini cha jambo lote. Ilipozidi muda, iliunguza. Kwa hiyo katika nyumba za kuogea za miji ya Kiislamu palikuwa na watu wenye ujuzi wa kuitumia. Huku kwetu Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga mabafu ya umma pale Hamamni kwa mtindo wa Kiajemi, yenye vyumba vya mvuke, maji ya moto na ya baridi, na mahali pa kunyolea. Watu wakaenda kwa malipo. Mabafu hayo yalifanya kazi mpaka mnamo 1920, na jengo lake lingali linatazamwa hata leo.

Njia nyingine ilikuwa ya sukari. Waarabu huiita halawa. Sukari, maji na ndimu huchemshwa mpaka vishikane kama gundi, huachwa vikapoa mpaka kuwa vuguvugu, kisha hupakwa na kuvutwa. Wahindi nao wakaja na uzi unaosokotwa vidoleni na kung'oa unywele mmoja mmoja. Na huku bara ya pwani bibi zetu walitumia kitu kisichouzwa dukani, nacho ni majivu. Majivu hukausha mafuta ya ngozi na kuvipa vidole mshiko, unywele ukang'oka bila ya kuteleza.

UZARAMO, NCHI YA NTA NA SANDARUSI

Hapa ndipo tunapofika Kisarawe na Kibaha. Nchi hii ya Wazaramo, inayoanzia vilima vya Pugu ikaenda mpaka bonde la Ruvu, ilikuwa na mali mbili ambazo watu wa ng'ambo walizitaka sana katika karne ya 19. Moja ni sandarusi, utomvu mgumu wa miti ya kale ambao Wazaramo waliuchimba ardhini. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika habari za uchimbaji wake. Sandarusi ilikwenda Ulaya na Marekani ikafanywa rangi ya kung'arisha mbao. Mali ya pili ni nta ya nyuki, ambayo ilisafirishwa kwa majahazi kutoka bandari za mwambao pamoja na pembe na ngozi.

Nimezitaja mali hizo mbili kwa makusudi. Nta nyingi za usoni zinazouzwa leo ni nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, khasa wa msonobari, ili ishike vizuri. Yaani ni jamaa wa vitu vile vile ambavyo babu zetu waliviuza kwa frasila. Vilitoka hapa vikiwa bidhaa ya kupaka meza na makabati, na sasa vinaturudia ndani ya kopo kupakwa usoni. Na utomvu huo wa msonobari ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuwawasha na kuwavimbisha baadhi ya watu, hata kama ngozi yao ni nzima.

Lakini jambo kubwa la Uzaramo katika habari hii ni mwali. Binti wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani. Zamani alikaa miezi mingi, na wengine miaka, chini ya uangalizi wa wanawake wazima. Mtaalamu Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyeishi na Wazaramo wa pwani katika miaka ya 1960, aliandika kitabu juu ya mila hizo kilichotoka mwaka 1970. Na kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kwa Kiswahili desturi za Waswahili, zikatolewa kitabuni huko Ujerumani mwaka 1903, na humo mna habari za somo, za unyago na za harusi.

Usidhani, msomaji, kwamba ninasifu kila kilichofanyika ndani ya nyumba hizo. Mengine katika mila yalipingana na sheria ya dini, na kumfungia mtoto miaka nje ya elimu ni hasara kwake na kwa umma. Lakini ndani ya desturi ile palikuwa na hazina moja. Somo alimjua mwari wake. Alimwogesha, alimsinga kwa singo na liwa iliyosagwa juu ya msio, akamwona siku baada ya siku. Alijua kama ana upele, kama ana kidonda kisichopona, kama kovu lake huvimba, kama mama yake naye alikuwa na kovu la namna hiyo. Kabla hajamtia mkono usoni alikuwa amekwisha isoma ngozi yake kama msomi asomavyo juzuu. Tena alikuwa mtu wa jirani. Akimuunguza, angekutana na mama yake kisimani kesho yake.

SOMO ALIVYOONDOKA

Mambo yakabadilika. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitia saini mkataba na nchi za kaskazini ya Ulaya, na pale Kibaha kukajengwa kituo kikubwa cha elimu, chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 wafadhili wakakikabidhi kwa serikali ya Tanzania, na kile kituo cha afya kikakua mpaka kuwa Hospitali ya Tumbi tunayoijua leo. Kisha ikaja sheria ya elimu ya 1978, iliyolazimisha kila mtoto aende shule ya msingi. Binti hakuweza tena kuwekwa ndani mwaka mzima. Siku za mwali zikapunguzwa zikawa za likizo, na penginepo zikaachwa kabisa.

Hayo ni maendeleo, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Ila somo alipoondoka, kazi yake iligawanywa. Mafunzo ya mwili yakaenda shule, maradhi yakaenda hospitali, na pambo likaenda saluni. Mwenye saluni amepokea mikono ya somo, lakini hakupokea macho yake. Mteja anayeshuka basi pale Maili Moja akitoka Mlandizi, au anayetoka Maneromango kuja Kisarawe mjini kwa sababu kesho ni harusi ya dada yake, ni mgeni kwa mpambaji. Hawajapata kuonana. Baada ya nusu saa huenda wasionane tena. Na katika nusu saa hiyo nta itavutwa usoni.

NGOZI ILIYOBADILIKA

Lau lingekuwa hilo tu, hatari isingekuwa kubwa. Tatizo ni kwamba ngozi yenyewe inayoletwa saluni siku hizi si ile aliyoisinga somo.

Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi ambao mikono yao ilitoka mabaka meupe. Sababu ilikuwa glavu za mpira zilizotiwa kemikali iliyo jamaa wa haidrokwinoni. Yalikuwa madhara ya kazi, lakini katika miaka iliyofuata kemikali za ukoo huo zilitiwa katika krimu na kuuzwa kwa watu weusi kama urembo. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Afrika ya Kusini aliwaeleza wanawake waliotumia krimu hizo kwa muda mrefu wakatokwa na weusi mzito wa buluu mashavuni, weusi ambao hautoki. Walikimbia weusi wa Mungu wakaangukia weusi wa kopo.

Pamoja na hizo zikaja sabuni na krimu za zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wa figo waliovimba mwili, wakagundua kwamba wengi wa waliohojiwa walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Kitu kilipakwa usoni, kikaharibu figo.

Hapa kwetu, mnamo Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita juu ya vimini, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua, na vita hivyo vikaanza Januari 1969. Wengi waliona ni siasa tu, na ni kweli kwamba wanawake walidhulumiwa njiani na vijana waliojifanya walinzi wa adabu. Lakini katika orodha ile kujichubua kulikuwa na madhara ya kweli mwilini, na vijana waliokuwa wakikimbizana na vimini hawakuyaeleza. Sheria ya mwaka 2003 ikaunda mamlaka ya kusimamia chakula, dawa na vipodozi, ikapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi. Tangu 2019 vipodozi vimo mikononi mwa Shirika la Viwango. Na mkataba wa dunia juu ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Minamata nchini Japani, ulipitishwa mwaka 2013. Pamoja na yote hayo, mkorogo ungali ukichanganywa na kuuzwa kwa kificho.

Sasa sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo penye fundo. Katika mkorogo mara nyingi mna krimu za steroidi, kama betamethazoni na klobetasoli, ambazo daktari huzitoa kwa ugonjwa maalumu na kwa siku maalumu. Mtu akizipaka usoni kwa miezi, hufanya mambo mawili. La kwanza, huifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu ikaonekana, na nguvu yake ya kujitengeneza ikadhoofika. La pili, huotesha nywele usoni. Basi mwanamke hujichubua, akaota vinyweleo mashavuni na kidevuni. Akiona vinyweleo hukimbilia saluni avutwe kwa nta. Na nta inaishika ngozi ile ile ambayo dawa imekwisha ila. Ugonjwa na tiba vimefungwa kamba moja. Mpambaji anavuta kitambaa, na ngozi inakuja nacho.

WAKATI GANI NTA NI HATARI

Nta haikamati unywele peke yake. Hukamata pia tabaka la juu la ngozi, lile lililokufa, na kuondoka na sehemu yake. Ngozi nzima hustahimili, kwani tabaka hilo hujirudisha. Ngozi isiyo nzima haistahimili. Hivyo yatupasa kuijua ngozi isiyofaa kuvutwa.

Kwanza ni ngozi ya mwenye kutumia mkorogo au krimu yoyote ya steroidi, kama tulivyoeleza. Huyo asivutwe. Aziache krimu hizo kwa uongozi wa daktari, kwani kuziacha ghafla huweza kuufanya uso uwake na kutoka vipele vikali.

Pili ni mwenye kutumia dawa za chunusi za jamii ya vitamini A. Tretinoini, ambayo hupakwa, ilianza kutumiwa kwa chunusi mnamo 1971. Dawa hii hulegeza tabaka la juu la ngozi, na mpakaji wake akivutwa nta huweza kuchunika mahali pale pale alipopaka. Iko pia ya kumeza, isotretinoini, iliyoanza mwaka 1982. Mwenye kuimeza asivutwe nta kabisa wakati akiitumia, wala asivutwe mpaka ipite miezi sita tangu aiache. Dawa za tindikali za kuambua uso nazo ni katika mlango huu.

Tatu ni ngozi yenye jeraha, chunusi zilizoiva, choa, ukurutu, au iliyoungua jua. Na mwenye malengelenge ya mdomo asivutwe hata kidogo mpaka yapone kabisa, kwani nta huweza kuyaeneza uso mzima. Vigwaru navyo huenea kwa namna hiyo. Juu ya baka au kidutu cheusi kilichotuna nta isipite, na kikianza kukua, kuwasha au kutoa damu, hilo ni la daktari.

Nne ni mwenye kisukari na mwenye kumeza dawa za kuzuia damu kuganda. Wa kwanza jeraha lake huchelewa kupona na huingia vijidudu upesi. Wa pili huvilia damu kwa jambo dogo. Hao wamuulize kwanza daktari wao.

Tano ni mtu ambaye makovu yake huvimba na kutuna. Ngozi zetu watu weusi zina tabia hiyo zaidi, na zina tabia nyingine ya kuacha weusi kila palipowaka. Kwa sababu hiyo jeraha la nta ambalo kwa mwingine hupona likasahauliwa, kwetu huweza kuacha doa la miezi.

Na iko hali ya sita ambayo si ya ngozi bali ni ya mwili mzima. Binti akiota ndevu nene kidevuni, siku zake zikawa hazina mpango, au sauti ikaanza kuwa nzito, kumvuta nta ni kufunika moto kwa jamvi. Huenda ikawa ni mvurugiko wa homoni, na huyo apelekwe hospitali. Pale Tumbi ni karibu, Muhimbili si mbali, na nchi yetu ina wataalamu wa ngozi waliofundishwa katika kituo cha Moshi tangu mwaka 1992. Kwenda kwao si aibu.

Tena ziko hatari zinazotoka mkononi mwa mpambaji mwenyewe. Nta iliyo moto mno huunguza, na ngozi ya kope na ya karibu na macho ni nyembamba kuliko zote. Kijiti kilichogusa uso wa mteja kisirudishwe koponi, kwa maana kinapeleka vijidudu vya huyu kwa yule. Mahali pamoja pasivutwe mara mbili na tatu. Na uso ukiungua, umwagiliwe maji safi yanayopita, yasiyo barafu, kwa muda wa dakika ishirini. Usipakwe dawa ya meno, wala siagi, wala unga. Kisha mtu apelekwe kwa mganga wa hospitali.

DHAMANA YA MPAMBAJI

Sasa tuje katika jambo ambalo limetufanya tuandike. Nani mwenye kubeba dhima?

Katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibnu Maja imo hadithi ambayo maana yake ni kwamba mtu anayejifanya tabibu, naye hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba, basi yeye ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Wanavyuoni wakaijengea hadithi hiyo mlango mzima wa sheria. Kinyozi, mwenye kupiga chuku, ngariba, wote wanaogusa mwili wa mtu kwa ujira wameingia humo. Sioni kwa nini mpambaji wa saluni atolewe. Ametwaa ujira, ameweka mkono, na uso si kitambaa cha kushonewa upya.

Abu Daud amepokea pia kisa cha mtu aliyepasuka kichwa safarini, akapata janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakasema hatuoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Fikiri, msomaji. Kuoga janaba ni ibada, na bado haikukubaliwa kuwa sababu ya kumwangamiza mwenye jeraha. Itakuwaje basi pambo la harusi?

Kwa hiyo mpambaji aulize. Aulize kabla ya kuwasha jiko la nta: Je, unapaka krimu gani usoni? Unameza dawa gani? Una kisukari? Kovu lako huvimba? Ulipata kuvutwa nta zamani, na ilikuwaje? Kisha ajaribu kidogo mahali pa siri, nyuma ya sikio au ndani ya mkono, angoje mpaka kesho. Maswali matano na siku moja, hayo ndiyo yanayoweza kuturudishia macho ya somo ndani ya saluni.

Na aulize faraghani. Mwanamke anayejichubua hatakiri mbele ya wateja watano waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu. Atasema hapaki kitu, na uongo wake utamgharimu ngozi. Kumuuliza kwa sauti ya chini na kumsitiri ni katika adabu za Kiislamu, na papo hapo ndiyo njia ya kupata jibu la kweli. Akikiri, asimsimange. Amwambie: "Mwanangu, leo sitakuvuta. Nitakukata kidogo kwa mkasi, nawe nenda kwa daktari." Akirudisha fedha aliyokwisha pokea, hiyo si hasara. Fedha ya halali ni ile ambayo mwenye kuitoa hakuondoka na jeraha.

Wewe nawe, dada uliye mteja, una sehemu yako. Mwili huu ni amana. Suratul Baqara katika aya ya 195 inatukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi, na si lazima maangamizi yawe upanga. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Na mficha mkorogo nta humuumbua. Sema kweli mbele ya yule unayempa uso wako. Na kama ngoja ngoja ya harusi inakusukuma, kumbuka kwamba bibi harusi mwenye vinyweleo viwili kidevuni hajapungukiwa na kitu, lakini bibi harusi mwenye shavu lililochunika huketi akilia nyuma ya mtandio.

Nanyi mama na baba wenye mabinti, mna kazi iliyo kubwa kuliko hizo mbili. Chimbuko la haya yote haliko katika kopo la nta. Liko katika neno linalosemwa nyumbani, kwamba huyu mweupe ndiye mzuri na yule mweusi atakosa mchumba. Mtoto anayesikia hayo tangu utotoni, atakapopata shilingi yake ya kwanza atanunua mkorogo, na njia kutoka mkorogo mpaka jeraha la saluni tumekwisha ieleza hatua kwa hatua. Bilal bin Rabah (R.A.) alikuwa mweusi, na sauti yake ndiyo iliyochaguliwa kuadhini. Tuwafundishe watoto wetu kwamba rangi ni ishara miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, kama tunavyofundishwa katika Suratur Rum, wala si doa la kusuguliwa.

Somo wa Uzaramo hakusoma elimu ya kemikali. Nyumba yake ya kumwekea mwali huenda isirudi tena, wala hatuombi irudi. Lakini ule mwendo wake wa kutazama kwanza kisha ndipo atie mkono, huo hauna zama. Unaweza kukaa Kibaha katika saluni yenye umeme na kioo kikubwa, kama ulivyokaa Kisarawe katika nyumba ya udongo. Mwenye kuushika atakuwa amefanya biashara, na amefanya ibada.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuutunza mwili aliotuumbia kwa umbo lililo bora, na atujaalie kuwa wakweli katika kuuza na kununua. Wabillahi taufiq.